Babu Yangu Alikuwa Asilimia Kumi

Kwenye kabati la susu, nyumbani kwetu Salama, kuna kopo la majani chai ambalo tangu nizaliwe halijawahi kuwekwa majani chai. Humo hukaa hati ya shamba, risiti za chama cha wafanyakazi zilizofungwa kwa mpira, na kikaratasi kimoja cha rangi ya vumbi kilichokunjwa mara nne. Kikaratasi hicho kina jina la babu, jina la chifu wake na nambari ya usajili. Tarehe ni ya Machi 1964.

Nilikifunua mara ya kwanza Mei 2020. Nilikuwa nimerudi nyumbani wiki ya mwisho ya Machi, kabla barabara za kutoka Nairobi kufungwa, nikiwa na begi moja na ujumbe wa WhatsApp. Ujumbe wenyewe ulitoka kwa hoteli niliyokuwa nimeifanyia kazi miaka miwili, na ulisema sote tumepewa likizo bila malipo hadi hali itakapotengemaa. Ulimalizika kwa emoji ya mikono iliyofumbatana. Hali haikutengemaa. Kufikia Mei nilikuwa nimejua kwamba likizo ile ilikuwa jina la adabu tu. Nilikuwa nimepigwa kalamu.

“Susu, hii karatasi ni ya nini?” nikauliza.

Alikuwa anachambua maharagwe ya muthokoi. Hakuinua hata macho. “Hiyo ndiyo teni pasenti ya babu yako,” akasema. “Bila hiyo, mama yako hangesoma, na wewe hungekuwa hapa unaniuliza maswali.”

Hivyo ndivyo nilivyoanza kufuatilia habari ya asilimia kumi. Nilikuwa na muda wa kutosha, kusema kweli.

Ili kuelewa karatasi ile, hebu turudi nyuma kidogo. Mwaka 1960, baada ya mkutano wa Lancaster House jijini London kuonyesha wazi kwamba Kenya itatawaliwa na Waafrika, pesa zilianza kutoroka nchi. Walowezi wengi waliacha kupanua mashamba, wengine wakauza na kuondoka, na wenye viwanda wakasita. Nafasi za kazi za mshahara zikapungua mwaka baada ya mwaka. Huku kwetu Ukambani mambo yalikuwa mabaya maradufu. Mwaka 1961 ukame ulimaliza mifugo, kisha mvua zilipokuja zikaja kama adhabu, barabara na madaraja yakasombwa, na serikali ikalazimika kudondosha chakula kwa ndege. Wakamba waliipa njaa hiyo jina la ndege zenyewe: yua ya ndeke. Susu alikuwa msichana wakati huo. Anakumbuka magunia yakipasuka yakigonga ardhi, na watoto wakiokota mahindi punje moja moja mchangani.

Kwa hiyo uhuru ulipokuja Desemba 1963, haukukuta watu wameshiba. Vijana walijaa Nairobi wakitembeza miguu kutoka geti moja la kiwanda hadi lingine. Walikuwa wameambiwa wafanye kampeni, wapige kura, waimbe. Sasa walitaka kazi. Januari 1964 wanajeshi wa Lanet, karibu na Nakuru, waliasi, na serikali changa ya Jomo Kenyatta ikalazimika kuwaita wanajeshi wa Uingereza kuwatuliza. Ukiwa waziri wakati huo, ukichungulia dirishani uone maelfu ya vijana wasio na kazi, si rahisi kulala usingizi.

Ndipo Februari 1964 yakafikiwa makubaliano ya pande tatu. Upande mmoja ni serikali. Wa pili ni waajiri, kupitia shirikisho lao la FKE. Wa tatu ni vyama vya wafanyakazi, kupitia shirikisho lililoitwa KFL, kabla ya COTU kuundwa mwaka 1965. Waziri wa Kazi alikuwa Eliud Ngala Mwendwa, mtoto wa Kitui, na jambo hilo susu hulitaja kana kwamba lilimfanya babu awe na mjomba serikalini.

Masharti yenyewe yalikuwa mepesi kuelewa. Waajiri wa kibinafsi wangeongeza wafanyakazi wao kwa asilimia 10. Serikali na mashirika yake wangeongeza kwa asilimia 15. Nao wafanyakazi wangelipa gharama yao: kwa miezi kumi na miwili hakuna kudai nyongeza ya mshahara, na hakuna mgomo.

Tazama hesabu hiyo vizuri. Aliyekuwa na kazi alikubali kukaa na mshahara uleule mwaka mzima ili asiye na kazi aingizwe. Siku hizi tungesema wenye kazi “waliungama” na wasio na kazi. Lakini hawakuulizwa mmoja mmoja. Viongozi wao ndio waliosaini.

Serikali ilitangaza kwamba kila anayetaka kazi ajiandikishe. Waliojitokeza walizidi 200,000. Mmoja wao alikuwa babu yangu, kijana wa miaka ishirini na miwili, aliyetembea hadi stesheni ya Kima akiwa na rafiki yake wa kijiji kimoja, wakapanda treni ya kwenda Nairobi. Walilala sakafuni kwa binamu mmoja Makongeni. Asubuhi ya tatu walipanga foleni nje ya kiwanda cha mablanketi katika Eneo la Viwanda.

Jinsi babu alivyokuwa akisimulia, kiwanda kilikuwa na watu tisini. Asilimia kumi ya tisini ni tisa. Karani alitoka na daftari, akahesabu watu kwa kugusa bega: mmoja, wawili, watatu. Babu alikuwa wa tisa. Rafiki yake alikuwa nyuma yake.

“Karani alifunga daftari,” babu alikuwa akisema, kisha ananyamaza. Alisimulia hadithi hiyo mara nyingi, na kila mara alinyamaza palepale.

Nafasi zilizopatikana nchi nzima kutokana na makubaliano yale hazikufika 40,000. Kwa wale 200,000 na zaidi waliojiandikisha, maana yake ni kwamba kwa kila mtu aliyeguswa bega, wanne hivi walirudi na karatasi zao mfukoni. Na hata hizo nafasi hazikudumu zote. Waajiri wengi waliajiri kama walivyoahidi, kisha mtu alipostaafu au kuhama, hawakumbadilisha. Polepole idadi ikarudi pale ilipokuwa. Migomo nayo ilipungua lakini haikuisha, maana kuna mengine ya kugombania kiwandani zaidi ya mshahara.

Kuna jambo jingine ambalo wataalamu waliliona Kenya kabla ya kuliona kwingine. Wachumi wawili Wamarekani, John Harris na Michael Todaro, ambao walikuwa wamefanya utafiti hapa, walichapisha makala maarufu mwaka 1970. Hoja yao ni hii: mtu wa kijijini haendi mjini kwa sababu ana uhakika wa kazi, anaenda kwa sababu kuna nafasi ya kuipata. Ukitangaza kazi mpya Nairobi, kila mwenye jembe anapiga hesabu, na wengi wanaamua kubahatisha. Unaongeza ajira elfu kumi, wanakuja watu elfu ishirini. Mwishowe wasio na kazi mjini wanaweza kuwa wengi kuliko mwanzo. Nilipoisoma hoja hiyo nikiwa kitandani kwa susu, nilicheka. Si ndiyo ile treni ya Kima?

Hata hivyo serikali ilirudia dawa ileile. Mwaka 1970 pande tatu zilisaini tena, na waliojiandikisha safari hii walizidi robo milioni. Mwaka 1979, Daniel arap Moi akiwa mpya Ikulu, wakasaini mara ya tatu. Kila mara foleni ndefu, kila mara asilimia kumi, kila mara mshahara ukasimama. Katikati hapo, mwaka 1972, Shirika la Kazi Duniani lilileta ujumbe Kenya uliotoa ripoti ya kuonyesha kitu ambacho kila mtu wa Gikomba alikuwa anakijua: kwamba wengi waliohesabiwa kuwa hawana kazi walikuwa wanafanya kazi kuanzia alfajiri. Walikuwa wanafua bati, wanashona, wanauza chakula. Hawakuwa na mwajiri wa kusaini makubaliano kwa niaba yao, basi. Sisi tuliwaita jua kali.

Rafiki ya babu alikuwa mmoja wao. Alirudi Salama, akachoma makaa, akanunua mbuzi mmoja, akauza, akanunua wawili. Babu alipokuja nyumbani Krismasi na blanketi la kiwandani begani, rafiki yake alikuja kumwamkia, wakakaa chini ya mwembe hadi usiku. Hawakugombana kamwe. Lakini karo ya shule ya msingi ya binti mkubwa wa yule rafiki ilikuwa inalipwa na babu, mwaka baada ya mwaka, na hakuna aliyewahi kueleza kwa nini. Susu ndiye aliyeniambia. “Alikuwa analipa deni la namba kumi,” akasema.

Mimi naona hapo ndipo kiini cha jambo hili kilipo. Tunapozungumza juu ya sera za kulinda kazi wakati uchumi umeanguka, tunachanganya vitu vitatu. Kuna kulinda nafasi ya kazi isifutwe. Kuna kumlinda mtu aliyefutwa asilale njaa. Na kuna kumfungulia mlango aliye nje. Makubaliano ya 1964 yalijaribu la tatu kwa kutumia pesa za walio ndani. Babu alipata mlango. Kile ambacho hakikuwapo ni ngazi ya kumshusha siku mlango ukifungwa.

Ulifungwa mwaka 1994. Soko lilikuwa limefunguliwa kwa masharti ya wakopeshaji wa kimataifa, mitumba ikamwagika, viwanda vya nguo na mablanketi vikaanza kuzima mashine kimoja kimoja. Serikali yenyewe ilikuwa inapunguza watumishi wake kwa kuwapa wanaotaka kuondoka mapema kitita cha kuagana. Mwaka huohuo sheria ililegezwa ili iwe rahisi kwa kampuni kupunguza watu. Yaani miaka thelathini baada ya serikali kuwaambia waajiri “ongezeni”, sasa iliwaambia “punguzeni mkitaka”. Babu alikuwa na miaka hamsini na miwili.

Alilipwa kwa hesabu ya siku kadhaa kwa kila mwaka aliofanya kazi, kama mkataba wa chama ulivyoelekeza. Kwa sababu hiyo risiti zile za chama bado zimefungwa kwa mpira ndani ya kopo. Zile senti alizokatwa kila mwezi akinung'unika ndizo zilizomjengea vyumba vinne kando ya barabara kuu ya Mombasa, hapa Salama, baada ya Malili na kabla hujafika Sultan Hamud. Viwili vya kulala wageni, kimoja duka, kimoja cha kukodisha kwa kinyozi.

Leo kanuni hiyo iko wazi zaidi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inasema mwajiri anayetaka kupunguza wafanyakazi atoe notisi ya mwezi mmoja kwa chama chao na kwa afisa wa kazi. Au, kama mfanyakazi si mwanachama, amwandikie yeye mwenyewe na afisa wa kazi. Achague wa kuondoka kwa kigezo cha haki: muda waliokaa, ujuzi, uwezo, kutegemeka. Alipe likizo zilizobaki, alipe mshahara wa notisi, na alipe fidia isiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Ni sheria nzuri. Inamfanya mwajiri afikirie mara mbili kabla ya kufuta mtu, kwa sababu kufuta kuna bei.

Shida ni kwamba bei hiyo inakwepeka. Ujumbe wangu wa WhatsApp haukutumia neno “kufutwa” popote. Ukiitwa “likizo”, hakuna notisi, hakuna afisa wa kazi, hakuna siku 15. Nilikuwa na haki ya kwenda kortini. Sikuwa na nauli ya kwenda kortini.

Mwaka ule wa 2020, mazee, takwimu za serikali zilionyesha kwamba ajira nchini, nje ya kilimo kidogo, zilipungua kwa zaidi ya 737,000. Serikali ilichukua hatua, tusiseme haikuchukua. Waliopata mshahara wa hadi Sh24,000 kwa mwezi walisamehewa kodi ya mapato. Kiwango cha juu cha kodi hiyo kilishushwa kutoka asilimia 30 hadi 25. Kodi ya bidhaa ikashuka kutoka 16 hadi 14. Lakini hebu fikiria: msamaha wa kodi ya mshahara unamsaidia mwenye mshahara. Mimi sikuwa na cha kusamehewa.

Kwa walio mitaani kulikuwa na Kazi Mtaani. Binamu yangu aliyekwama Mukuru aliingia awamu ya pili, akafagia mitaro na kufyeka nyasi kwa zamu, Sh455 kwa siku. Yeye hataki kusikia mtu akidharau mpango huo. “Ile pesa ilinilipia nyumba,” huniambia. Namwamini. Kabla yake kulikuwa na Kazi kwa Vijana, ulioanza 2009 baada ya ghasia za uchaguzi, ukame na msukosuko wa uchumi wa dunia, na ukazama miaka miwili baadaye katika maswali ya ukaguzi wa pesa. Mipango hiyo ina tabia ya mvua za huku kwetu. Inakuja ghafla, inalowesha juu, na kabla mizizi haijafika kwenye maji, imekatika.

Nikiwa nasoma usiku, nilikutana na jinsi Wajerumani wanavyofanya. Wana utaratibu wanaouita Kurzarbeit, yaani kazi fupi. Biashara ikidorora, kampuni haifuti watu. Inapunguza saa za kazi za kila mmoja, na mfuko wa bima unafidia sehemu ya mshahara uliopotea, kwa kawaida asilimia 60, au 67 kwa mwenye mtoto. Mwaka 2009 uchumi wao ulisinyaa kwa asilimia 5 hivi, na karibu watu milioni moja na nusu wakawa kwenye kazi fupi. Ukosefu wa kazi haukupanda sana. Aprili 2020 waliokuwa kwenye utaratibu huo walikaribia milioni sita. Wafanyakazi walibaki na majina yao kwenye orodha, waajiri wakabaki na watu wanaojua mashine, na biashara iliporudi hakuna aliyeanza upya.

Ni sawa na makubaliano ya 1964, nikajiambia, ila kwa tofauti moja. Kule kila mtu, miaka ya neema, alikuwa ameweka kitu kwenye mfuko. Kenya haina bima ya kukosa kazi. Tulipogawana maumivu mwaka 1964 tuliyatoa kwenye mshahara wa mwezi huohuo, kwa sababu hakukuwa na kopo lolote la kufungua.

Lakini hata tungekuwa na mfuko huo, ungemfikia nani? Simama saa moja tu kando ya barabara hapa Salama. Hesabu: mama wa mahindi choma, fundi wa tairi, kijana wa bodaboda, mwenye hoteli, mchuuzi wa machungwa, dada wa kufua shuka za wageni. Hakuna hata mmoja mwenye hati ya mshahara. Nchi nzima, zaidi ya watu wanane kati ya kumi wanaohesabiwa kuwa na kazi nje ya shamba wako hivyo. Wao anguko lao halina hata ujumbe wa WhatsApp.

Na anguko letu hapa halikuanza na korona. Januari 2018 reli mpya ilianza kubeba mizigo kutoka Mombasa. Agosti 2019 ikatolewa amri kwamba makontena ya kwenda Nairobi yapite kwenye reli. Mombasa waliandamana, amri ikasitishwa kwa muda, na mvutano ukaendelea hadi Septemba 2022 serikali mpya ilipoibatilisha. Magazeti yaliandika sana juu ya Mombasa, na ni haki. Lakini madereva ndio waliokuwa wakilala kwenye vyumba vya babu. Lori likikosa kupita, chumba kinalala peke yake. Mwaka 2019 susu alipunguza bei mara mbili, kisha akafunga kimoja na kuweka kuku. Sikumbuki mtu yeyote aliyekuja Salama kuuliza ni kazi ngapi zimepotea. Wangemuuliza nani? Hatukuwa na chama wala shirikisho. Kwenye meza ya pande tatu, sisi ni upande wa nne, na meza ina viti vitatu.

Tulichokuwa nacho ni kile ambacho watu hujitengenezea. Chama cha akina mama cha Jumapili kilisimamisha michango miezi mitatu bila kumtoa mtu yeyote. Shamba lilitoa kunde. Na Juni 2020 nilipata kazi.

Mwenye hoteli ndogo karibu na kituo cha mafuta aliniita nimsaidie kupika asubuhi. Wateja walikuwa wamepungua nusu, na wasichana wake wawili walikuwa wamekubali kugawana siku na mimi: kila mmoja siku nne kwa wiki badala ya sita. Mshahara ukapungua kwao, ukaanza kwangu. Nilimuuliza mama huyo kwa nini ananiingiza wakati ana shida zake.

“We hujui?” akashangaa. “Babu yako alinilipia shule. Baba yangu alikuwa nyuma yake kwenye ile foleni.”

Nilifanya kazi pale miezi kumi na minne. Nililipwa kidogo, kila Jumamosi, bila kukosa. Nilipopata kazi nyingine Nairobi nilirudi kuaga susu, na kabla sijaondoka nilichukua simu, nikaingia duka la saiba, nikachapisha ule ujumbe wa likizo. Nikaukunja mara nne, nikautia kwenye kopo juu ya karatasi ya babu.

Susu aliusoma polepole, akauliza ile michoro ya mikono mwishoni ni ya nini. Nikamwambia ni maombi, au pole, sijui.

“Hakuna nambari,” akasema, akaugeuza nyuma kutafuta. “Ya babu yako ilikuwa na nambari.”